Mkufu, Halbadiri na Picha za Jumatano

Kibokoni,
Mombasa.
Jumamosi, 20 Novemba 1948,
mwezi wa Mfunguo Nne.

Mpendwa mwanangu Gharib,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wajionaje na hali, mwanangu? Usingizi waupata? Chakula cha Lindi chakushuka? Huo wali wenu wapikwa kwa nazi, au wachemshwa kwa maji na chumvi kama wa hospitali? Chandarua nilichokushonea bado kizima, au panya wamekwisha kukitoboa? Kila nikimaliza kuswali nakuombea, na nikisahau kitu katika dua narudi nyuma naanza tena.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Dadako Mwanabaraka ana mimba changa, hataki hata kunusa samaki, akisikia harufu yake akimbilia uani. Mumewe amvumilia. Mimi kifua changu ni kile kile cha siku zote, usikitilie wasiwasi.

Jaffar, mwana wa jirani yetu Bi Mahfudha, aliteremka melini Ijumaa ya wiki jana akaja kunipa salamu zako. Nilikuwa napepeta mchele. Nikamuuliza, "Mwanangu yuaje?" Akasema, "Hajambo, Bi Mwanatumu, ila achechemea." Akanieleza kuwa mguu wako wa kushoto umevimba toka kifundoni hadi gotini, umeufunga kitambaa, na wewe wasema uliteguka ukishusha magunia ghalani. Ungo ulinitoka mkononi, mchele wote chini. Jaffar akacheka, akadhani ni uzee.

Nina neno la mguu huo, Gharib, tena ni zito. Barua zangu za nyuma aliniandikia shemejiyo. Hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, ndizo nizijuazo, na nitaibandika kwa uji wa ngano asiifungue mtu. Isome peke yako, mlango umeurudisha. Neno lenyewe ni la mkufu wa bibi yako, ule uliopotea Rajabu. Nitalisema lote. Lakini wacha nianzie kwenye senema, maana ndiko lilikonianzia mimi.

Uliniandikia ukanitaka nikupe habari za picha zinazokuja mjini, kwa kuwa huko ulipo hakuna. Mimi niliyekuwa nikikugombeza kwa kusimama mbele ya mabango ya senema hata maghribi ikakupita! Nikasema, mwanangu aliyeko mbali ameniomba kitu kimoja, nitamnyimaje. Basi nimekuwa nikienda kila Jumatano alasiri, onyesho la zanana, wanawake watupu, hata mlangoni asimama mwanamke. Nimeona picha nne. Zote za vifo na wizi, sijui kwa nini mwaka huu walimwengu hawana jambo jingine la kuonyesha.

Ya kwanza ilitoka Misri. Jaji mkubwa amhukumu kijana kunyongwa kwa kumuua mwenye duka la vitambaa, kisha yuaja mwanamke aliyevaa nyeusi amwambia, huyu uliyemhukumu ni damu yako, nilikuzalia ukanitupa. Watu walilia mpaka viti vikaalika. Nami nililia, lakini niliona makosa. Yule kijana, siku ya kunyongwa, aimba nyimbo tatu nzima, sauti imejaa kama yuko kwenye maulidi. Mtu angojea kamba, pumzi hizo azitoa wapi? Ila liko jambo moja halijanitoka. Jaji, kabla ya kusoma hukumu, alivua miwani akaifuta kwa leso polepole, akaivaa, ndipo akasoma. Nilimchukia kwa leso ile. Mtu akienda kumtoa mwenziwe roho, angalau mkono umtetemeke.

Ya pili ya Kihindi, nayo haikuwa na harusi hata moja. Mtu ameuawa kijijini wakati wa mvua, na wanakijiji wakamshika mfinyanzi wa vyungu ambaye ni bubu. Wajua Bi Mahfudha amelelewa jirani na Wahindi, basi yeye hukaa katikati akatufasiria kwa sauti ukumbi mzima. Mfinyanzi alipotokea wakamwita toka nyuma, "Bi Mahfudha, asemaje?" Akageuka kwa hasira: "Nyie mna nini? Bubu huyo! Niwafasirie kukohoa?" Tulicheka sana. Kisha tukaacha kucheka. Kijiji kizima kilikubaliana kuwa ni yeye, kwa kuwa yeye hawezi kujibu. Wakamvunjia vyungu vyake kimoja kimoja, naye asimama tu awatazama, mikono ina udongo. Mwisho akajitia mtoni. Muuaji akajulikana baadaye, na waliovunja vyungu wakarudi makwao kupika.

Siku ile sikula. Nilikuwa namfikiria Dzoro, mchota maji wetu, na nilikuwa sitaki kumfikiria.

Ya tatu ya Kiingereza, sijui ni ya London au ya Amerika. Giza mwanzo mpaka mwisho, na mvua, na wanaume wenye kofia wavuta sigara. Mtu aingia nyumba ya mwenziwe bila hodi wala salamu, aketi, avuta, auliza, "Uko wapi?" Mwanamke mmoja mzuri apigwa bunduki ndogo hii, aanguka kwenye zulia, na mumewe amruka kwenda kupokea simu. Hiyo nilifasiriwa na Eddah, yule bibi wa bara aliyeolewa na karani wa reli, ajaye kwangu kujifunza kushona kofia. Amesoma misheni, Kiingereza chake safi. Nilimuuliza, "Eddah, hawa watu mama zao wako wapi?" Akasema, "Kwa nini, Mama?" Nikamwambia, muuaji hana mama, aliyeuawa hana mama, hata askari hana. Saa mbili nzima hakuna aliyeitwa mwana wa fulani. Ndiyo maana yawezekana kuuana hivi, hakuna wa kumpelekea habari. Mimi picha hiyo sikuipenda, na nimeifikiria kuliko zote mbili za kwanza.

Ya nne ndiyo hiyo sasa. Ya Kifaransa, maneno ya Kiingereza yapita chini mbio kama siafu, Eddah ayasoma aninong'oneza. Nyumba ya bibi kizee tajiri. Sanduku dogo la fedha limepotea. Bibi amlea mwana wa nduguye, kijana mzuri, mwenye adabu, amwita shangazi kwa sauti laini. Wamshuku mtumishi wa kike. Yule kijana ndiye atafutaye kuliko wote. Asogeza makabati, alala kifudifudi chini ya kitanda, atoka na vumbi kichwani, achokora majivu ya jiko kwa mikono mitupu. Eddah akaniambia sikioni, "Mama, ni huyo." Nikamuuliza, "Wajuaje?" Akasema, "Mtazame vizuri. Apekua kila mahali ila lile sanduku lake la nguo. Amelikalia."

Nilisimama, Gharib. Sikujua kama nimesimama. Nikasikia nyuma yangu, "We bibi, kaa! Tumekuja kutazama picha, si mgongo wako!" Na mwingine, "Tena mgongo wenyewe ulivyo mpana!" Eddah akanivuta buibui nikakaa. Machozi yakinitoka, wakadhani nalilia mtumishi aliyefukuzwa. Yule mtumishi alifia njiani kwenye theluji, ni kweli, na nilipaswa kumlilia, lakini sikuwa nikimwona tena. Nilikuwa nakuona wewe.

Wakumbuka siku ile ya Rajabu? Nilifungua kijaluba nimtolee Mwanabaraka mkufu ajaribu, harusi ilikuwa karibu, nikakuta kitupu. Nikapiga ukelele. Wewe ndiye uliyekuja mbele. Ulikunja kanzu mpaka magotini, ukamwaga mtungi wa maji ukaingiza mkono hadi kwapani. Ulinyanyua mikeka yote. Ulichokora majivu kwa mikono yako. Uliteremka kisimani kwa kamba, nami nikikulilia utaanguka, wewe wasema, "Mama, kama umo nitautoa." Ulipochoka uliketi kwenye sanduku lako, lile la bati jekundu, ukajifuta jasho, ukasema, "Hapa nyumbani haupo. Umetoka." Nikakuombea dua kwa ile kazi. Shaabani ukapata kazi ya ghala kwenye ule mradi wa njugu, ukasafiri na sanduku lako, nikakuombea tena.

Sisemi kuwa mkufu ulinitoka rohoni. Wajua ulivyokuwa. Bibi yako aliuvaa siku aliyoolewa, akanivisha mimi, na Mwanabaraka akatoka siku yake shingo tupu, akicheka ili nisione. Mimi nikasema aliyeingia ndani siku zile si mwingine ila Dzoro na madebe yake. Nikalisema mlangoni, nikalisema bombani, nikalisema kwa Bi Mahfudha, na ukilisema kwa Bi Mahfudha umelitangaza kwa tarumbeta. Dzoro akaapa kwa mamake. Watu wakafunga milango, wakatafuta mchota maji mwingine.

Kisha, baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, nikaenda kwa Mwalimu Sheikhan kutaka kisomo cha halbadiri. Hapa ndipo penyewe, mwanangu. Nilinunua ubani, nikatandika jamvi. Mwalimu aliniuliza mara tatu, kama ilivyo desturi yake. "Bi Mwanatumu, nisome? Wajua haichagui. Aliyechukua itampata, avimbe au apotee akili, na kuirudisha ni kazi." Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia, "Soma, Mwalimu, hata akiwa nani."

Hata akiwa nani. Maneno hayo niliyasema mimi mamako, kwa kinywa hiki, ubani ukifuka.

Baada ya hapo mtaa mzima ukawa watazama tumbo la Dzoro. Akipita na madebe wanawake wachungulia dirishani: limevimba, halijavimba. Bi Mahfudha akaapa kuwa limeanza upande wa kulia. Nami nilichungulia pamoja nao. Halikuvimba. Na huko Lindi, mbali, hakuna aliyekuwa akitazama mguu wa mtu.

Ile picha ya Kifaransa niliiona Jumatano. Jaffar aliniletea habari Ijumaa. Sasa waelewa kwa nini ungo ulianguka.

Jumamosi alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Sheikhan kabla hajanywa kahawa. Nikamwambia, Mwalimu, ifute. Akanitazama sana. Hakuniuliza ni nani, Mungu amlipe heri, nadhani alijua kwa uso wangu. Akasema, "Mwenye mali akisamehe kwa moyo, hakuna kilichobaki. Lakini si kwa ulimi tu, bibi, wala si kwa hofu." Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimesamehe tangu Jumatano, kwenye kiti cha senema." Tukafukiza ubani tena, mkewe akawa shahidi, nikasema aliyechukua nimemhalalishia, duniani na akhera, ni chake, asidaiwe na mtu wala na Mola. Mwalimu akasoma. Nilipoondoka akaniambia, "Na huyo mtu, kama ana mahali pamevimba, aende kwa daktari vilevile. Mguu wavimba kwa gunia, wavimba kwa mbu, wavimba kwa mwiba. Msimfanye akae akingoja kisomo." Sikumtajia mguu, Gharib. Aliutaja mwenyewe. Labda Bi Mahfudha alikwisha kumpa habari alizoleta mwanawe.

Kisha nikaenda bombani kumtafuta Dzoro. Alikuwa amekaa juu ya debe, halina maji. Nikamwambia, "Dzoro baba, nilikosea. Wewe hukuchukua." Hakusimama. Akasema, "Mimi najua, Mama. Lakini kila asubuhi nilijipima tumbo kwa kamba." Nikamuuliza, kwa nini na hukuiba? Akasema, "Watu wengi wakikutazama tumbo, nawe utalitazama." Kisha akasema, "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua. Kawaambie milangoni ulikosema."

Basi nikavaa buibui nikaenda mlango kwa mlango, Kibokoni hadi Kuze, nikisema Dzoro hana kosa. Kila nyumba wakaniuliza, "Nani basi?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Mlango wa kwanza nilisimama kama yule bubu wa picha. Nikasema, "Mimi mwenyewe. Niliuweka mahali nikasahau, kisha nikauangusha njiani sijui wapi." Walivyonicheka! "Bi Mwanatumu ajisomea halbadiri mwenyewe!" "Shika tumbo lako, bibi, lisije likavimba!" Bi Mahfudha alicheka mpaka akajikalisha ngazini. Mwanabaraka hanisemeshi tangu siku ile, asema nimemtoa shingo tupu mbele ya watu kwa usahaulifu wangu. Mwache aseme. Dzoro ameanza kuleta maji kwa watu watatu. Kwangu huleta pia, huweka mlangoni, haingii ndani. Simlaumu.

Nimemuongopea mtaa mzima, na Mwalimu ndiye ajuaye kweli, na wewe sasa. Na huenda hata mimi sijui. Nimekupima kwa picha ya watu wa mbali, kwa sanduku ulilolikalia. Kama si wewe, mwanangu, kama ulichoka tu ukaketi penye nafasi, basi mimi ndiye niombaye msamaha, mara mbili: kwa kukudhania, na kwa kukuapiza bila kukujua. Kama ni wewe, nimekusamehe. Nimekusamehe, Gharib, umesikia? Soma neno hilo kwa sauti, mguu nao usikie. Ulikuwa na shida gani nisiyoijua? Ulitaka nini usichoweza kuniomba? Nimelala nikijiuliza, na kila jawabu lanirudia mimi: nilikuwa mkali, nilikuwa na harusi kichwani, sikukutazama.

Usiniandikie mkufu uko wapi. Usiuze kitu, usinunue kitu, usiutume kwa mtu. Sitaki kuuona tena shingoni kwa yeyote. Nikijibiwa habari ya mkufu kabla ya habari ya mguu, nitajua hukuniamini.

Nenda hospitali. Usitie dawa ya mwarobaini tu ukasema yatosha, wewe nakujua. Muonyeshe daktari, hata akiwa Mzungu, hata akikuvua kitambaa mbele ya watu. Na ukilala uweke mguu juu ya mto, si chini. Ule vitunguu saumu. Usitembee ghalani kuwaonyesha wenzako kuwa wewe ni mwanamume.

Meli ya Jaffar yaondoka Jumatatu, na hurudi huku baada ya siku kumi na tano. Mpe neno la mguu. Ukishindwa kuandika mpe kwa mdomo, umepungua au umezidi, basi. Ukiwa umepungua nitalala. Ukiwa umezidi nitapanda meli hiyo hiyo nije, mimi ambaye sijavuka maji ila Likoni, na ambaye hata kwenye pantoni ya Likoni nilitapika. Na Jaffar akirudi bila neno nitapanda vilevile. Nimekwisha kumwambia Eddah aninunulie mkoba.

Mwanabaraka angekusalimu kama angekuwa anasema nami. Mimi nakusalimia kwa niaba yake. Shemejiyo akusalimu. Bi Mahfudha akusalimu sana na asema umwangalie Jaffar asivute bangi. Eddah na mumewe wakusalimu. Mwalimu Sheikhan aliniambia nikuandikie hivi: anakusomea Yasin kila alfajiri, na hakuna mtu aliyemwomba. Dzoro sikumwambia kuwa naandika, lakini nakupa salamu zake, nikitumaini siku moja atazitoa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akushushe uvimbe na akupandishe heri, akulaze salama na akuamshe mzima, na kila uniombeacho akupe wewe kwanza. Amina.

Mkono umechoka, herufi za mwisho zimelala. Uzisome hivyo hivyo.

Ni mimi mamako, nikupendaye hata ukiwa nani,

Mwanatumu